Kinga ya Utumbo Haitaki Kuchochewa

Rafu za maduka ya dawa mtaani Kileleshwa, kuanzia Barabara ya Othaya hadi Kasuku Centre, zina ahadi moja inayorudiwa kwa rangi na lugha mbalimbali: kuongeza kinga ya mwili. Kuna vidonge vya zinki, vitamini C ya kuyeyusha majini, unga wa mlonge, mafuta ya habasoda, vichupa vya bakteria hai, na mchanganyiko wa tangawizi na manjano uliofungashwa mithili ya dawa ya hospitali. Wenye pesa zaidi huenda kliniki wakatundikiwa dripu ya vitamini. Na mtu akilalamika kwamba tumbo linamsokota, anaharisha mara kwa mara au choo chake kina ute, ushauri wa kwanza hautoki kwa daktari. Hutoka kwa jirani, kwa kundi la WhatsApp la jengo, kwa muuzaji: kinga yako imeshuka, ipandishe.

Ushauri huo umezoeleka hata hauulizwi maswali. Umejengwa juu ya madai matatu. La kwanza, kwamba kinga ni kitu kimoja chenye kipimo kimoja, kinachopanda na kushuka. La pili, kwamba maradhi ya matumbo huja kinga inaposhuka. La tatu, kwamba chochote kinachoipandisha ni kizuri, na hata kisipofaa, hakina madhara. Wanaoshikilia madai haya si wajinga. Wengi wamesoma, na wengine wamesomea afya. Lakini yote matatu hayasimami yanapofika kwenye utumbo, na makosa yake yanawaumiza watu.

Hesabu ya utumbo wenyewe inatosha kuanza kuyatikisa. Mwili wa mtu mzima unabeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiishi katika utumbo mpana. Eneo la ndani la njia nzima ya chakula, likikunjuliwa, ni takriban mita 32 za mraba, na sehemu kubwa yake imefunikwa na safu moja tu ya seli. Juu ya safu hiyo hupita githeri, maziwa, nyama choma, njugu na kachumbari, vyote vikiwa na protini ngeni kwa mwili. Kama kinga ingekuwa jeshi la kupiga kila mgeni, kama matangazo yanavyoichora, hakuna Mkenya ambaye angemaliza mlo mmoja salama. Kazi kubwa ya kinga ya utumbo, siku baada ya siku, ni kuamua nani asipigwe.

Wanaofanya uamuzi huo kwa sehemu kubwa ni seli za dendritiki. Mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, aliona seli za aina hii ngozini, zenye matawi marefu, akadhani ni sehemu ya mfumo wa neva. Ilichukua zaidi ya karne moja kosa hilo kusahihishwa kikamilifu. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walizitambua kwenye wengu wa panya na kuzipa jina. Wanasayansi wengi walizipuuza kwa miaka mingi. Steinman alishinda Tuzo ya Nobel mwaka 2011, tangazo likitolewa siku 3 baada ya yeye kufariki kwa saratani ya kongosho.

Katika utumbo, seli hizi huketi chini kidogo ya ile safu moja, zikichukua sampuli bila kukoma. Mwaka 2001 Maria Rescigno na wenzake mjini Milan walionyesha zikipenyeza matawi kati ya seli za ukuta wa utumbo na kugusa bakteria upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha njia nyingine: seli zinazotengeneza ute huzipitishia seli za dendritiki vipande vya chakula. Ikishachukua sampuli, seli ya dendritiki huondoka, husafiri kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi zilizo nyuma ya utumbo, na huko huzionyesha seli T, yaani seli za kinga ambazo bado hazijapewa kazi. Haizionyeshi sampuli tu. Inaziambia pia kitu hicho ni cha hatari kiasi gani na kimetoka wapi.

Hapo ndipo dai la kwanza linapoporomoka. Mwaka 2007 kikundi cha Fiona Powrie katika Chuo Kikuu cha Oxford, na vingine nchini Marekani, vilionyesha kwamba seli za dendritiki za utumbo zinachukua vitamini A kutoka kwenye chakula, zinaigeuza kuwa asidi ya retinoiki, na zikisaidiana na protini iitwayo TGF-beta zinazigeuza seli T changa kuwa seli T za udhibiti. Kazi ya seli hizo ni kuzuia mashambulizi. Seli ile ile ya dendritiki, ikikutana na Salmonella anayevunja ukuta, hutoa ishara tofauti kabisa, ikiwemo protini za IL-12 na IL-23, na kuzindua vita. Kwa hiyo kinga ya utumbo haina usukani wa kupanda na kushuka. Ina maamuzi, na maamuzi hayo hutegemea kilicholetwa, mahali, na hali ya tishu kwa wakati huo. Anayesema "pandisha kinga" anapaswa kwanza kusema apandishe ipi: ile inayopiga, au ile inayozuia kupiga?

Watetezi wa rafu zile hujibu kwamba huo ni uchambuzi wa maabara, na kwamba mtu wa kawaida anajua kinga ikiwa nzuri haugui. Basi watazame kinachotokea ile ya kuzuia inapokosekana. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya FOXP3, ambayo seli T za udhibiti haziwezi kufanya kazi bila yake. Ugonjwa wao unaitwa IPEX. Dalili kuu mojawapo, tena mapema kabisa maishani, ni kuharisha kukali, kwa sababu kinga inaula utumbo wa mtoto mwenyewe. Watoto hawa hawana upungufu wa nguvu ya kushambulia. Wana nguvu isiyo na wa kuizuia, na bila kupandikizwa uboho wengi hufa wadogo. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, waliogundua seli hizo za udhibiti na jeni yake. Heshima kubwa kabisa ya tiba duniani ilitolewa kwa ugunduzi wa namna kinga inavyojizuia. Habari hiyo haikubadilisha hata lebo moja.

Dai la pili, kwamba ugonjwa wa matumbo ni kinga kushuka, linapingwa na historia nzima ya tiba ya kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walichapisha ripoti ya mwisho ya jaribio lao la kotisoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi. Kotisoni hutuliza kinga, na waliopewa walipata nafuu kuliko wenzao. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliximab kwa ugonjwa wa Crohn. Dawa hiyo hufunga TNF, mojawapo ya silaha za kinga. Mwaka 2014 ikaja vedolizumab, inayozizuia seli za kinga zisiingie utumboni. Mwaka 2016 ustekinumab, inayozuia IL-12 na IL-23, zile zile ambazo seli za dendritiki hutoa zinapotangaza vita. Kwa miaka 70 dawa zilizoleta mabadiliko makubwa kwa wagonjwa hawa zimekuwa za kushusha. Hakuna hata moja kati yake iliyoleta nafuu kwa kupandisha.

Lakini hayo ni maradhi ya Wazungu, husemwa. Imani hiyo ina chimbuko la heshima. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, na miaka ya 1970 alitetea kwa nguvu kwamba tofauti ilikuwa nyuzinyuzi za chakula. Waliomsoma vibaya walidhani tofauti iko kwenye damu, wakati yeye mwenyewe aliiweka kwenye sahani. Chakula cha mkazi wa ghorofa la Kileleshwa leo si chakula cha mwanakijiji wa Uganda wa miaka ya 1950. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan zinawatibu Wakenya wenye kolaitisi na Crohn. Kabla ya kufika huko, mgonjwa wa aina hii mara nyingi ameshatibiwa ameba, ametibiwa taifodi kwa kipimo cha Widal kisichotegemeka, na katikati ameuziwa kitu cha kupandisha kinga ambayo tayari inamla.

Kuna jaribio linalomaliza ubishi kuhusu dai la tatu, nalo halikufanywa kwa ajili ya matumbo. Dawa za kuongeza kinga zipo kweli. Hazikai kwenye rafu za Othaya. Hutolewa kwa wagonjwa wa saratani chini ya uangalizi wa daktari bingwa. Ya kwanza ya kundi lake, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Inafunga protini ya CTLA-4, breki ambayo seli T huitumia inapokutana na seli ya dendritiki. Breki ikiondolewa, kinga hushambulia uvimbe wa saratani, na wagonjwa wengine wameishi miaka mingi wasiyotarajia. Pia hushambulia utumbo. Kuharisha na kolaitisi ni kati ya madhara yake makuu, na hutibiwa kwa steroidi, infliximab au vedolizumab, yaani kwa kuishusha tena kinga ile iliyopandishwa. Muuzaji wa kiongeza kinga amebaki na njia mbili tu. Kama bidhaa yake haipandishi chochote, tangazo lake ni la uongo. Kama inapandisha kweli, basi ana wajibu wa kumwambia mnunuzi mwenye tumbo linalouma kile ambacho madaktari wa saratani huwaambia wagonjwa wao.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili inatoka kwenye hali halisi ya Kenya. Hapa, wanasema, watoto hawauawi na kinga kali. Wanauawa na kuharisha, taifodi na kipindupindu, na kwa hiyo kinga inahitaji msaada. Sehemu ya kwanza ni kweli. Utafiti wa KEMRI na CDC uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta taifodi katika Kibera ikifikia visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, huku watoto wakiathirika zaidi. Lakini mtoto wa Kibera hana seli za dendritiki dhaifu kuliko za mtoto wa Barabara ya Mandera, Kileleshwa. Ana maji machafu. Dawa ya maji machafu ni bomba, choo na chanjo.

Chanjo yenyewe inaunga mkono hoja ya makala haya. Chanjo haipandishi kinga kwa ujumla. Inazipa seli za dendritiki kitu kimoja kinachojulikana, pamoja na ishara ya hatari iliyopimwa, ili mafunzo yafanyike juu ya kitu hicho tu. Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota Julai 2014, na imeokoa watoto. Hata hivyo, jaribio lililofanywa Kenya, Ghana na Mali na kuchapishwa mwaka 2010 lilikuta chanjo ya matone ikizuia asilimia 39.3 ya visa vikali, wakati chanjo hiyo hiyo ilizidi asilimia 90 Ulaya na Marekani. Sababu mojawapo inayochunguzwa ni kwamba utumbo wa mtoto anayeishi kati ya uchafu huwa umevimba daima, kinga yake ikiwa imewashwa bila kupumzika, na hivyo somo la chanjo halisikiki. Kama ndivyo, watoto hao wanahitaji utumbo uliotulia ili waweze kujifunza.

Nairobi ina ushahidi wake mwenyewe, tena wa kushangaza. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, wanaofanya biashara ya ngono. Baadhi yao walikaa miaka mingi wakikutana na virusi vya HIV bila kuambukizwa. Wengi wangetarajia kinga yao iwe imewaka moto. Uchunguzi ulikuta kinyume: seli T zao zilikuwa tulivu kuliko za wanawake wenzao. Virusi hivyo hupenda seli zilizochochewa, na utulivu huo uliviacha na shabaha chache. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2018 ukajaribu kuutengeneza utulivu huo kwa dozi ndogo ya aspirini kwa wiki 6, na idadi ya seli ambazo HIV huzilenga katika njia ya uzazi ikapungua. Hiyo haijawa kinga ya HIV wala haistahili kutumiwa hivyo. Lakini inaonyesha kwamba kwenye ngozi laini za mwili, ukiwemo utumbo, kuchochea ovyo kunaweza kumfungulia adui mlango.

Janga la Uviko lilitoa somo hilo hilo mbele ya macho ya wote. Baada ya kisa cha kwanza kutangazwa Kenya, Machi 13, 2020, tangawizi na ndimu ziligombaniwa sokoni kwa jina la kinga. Miezi 3 baadaye jaribio la Uingereza lililoitwa RECOVERY likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Waliokuwa wanakufa ICU walikuwa wanauawa pia na kinga iliyovuka mpaka.

Itabaki hoja ya vitamini A. Serikali ya Kenya huwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 vitamini hiyo mara mbili kwa mwaka. Je, huko si kuongeza kinga? Huko ni kuziba pengo. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A amepungukiwa pia na malighafi ambayo seli zake za dendritiki hutumia kutoa maagizo, ya kutuliza na ya kupeleka walinzi utumboni. Akishatosheka, ziada haimwongezei akili ya kinga. Vitamini A ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto. Tena mwaka 2011 kikundi cha Bana Jabri mjini Chicago kilionyesha kwamba katika utumbo uliokwisha kuvimba, wenye protini ya IL-15 kwa wingi, asidi ile ile ya retinoiki huzisukuma seli za dendritiki kuchochea mashambulizi dhidi ya gluteni ya ngano, kama inavyotokea katika ugonjwa wa siliaki. Kirutubishi kimoja kimeleta maamuzi mawili yanayopingana. Hakuna lebo ya "huongeza kinga" inayoweza kubeba ukweli huo.

Na bakteria hai wa kwenye vichupa? Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa matumbo cha Marekani, AGA, kilipitia ushahidi na kushauri wagonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda wasivitumie nje ya majaribio ya kitabibu. Kilichoonyesha matumaini zaidi ni chakula cha kawaida. Mwaka 2025 watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki 2 tu walipandwa na viashiria vya uvimbe kwenye damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi mbele ya vimelea. Waliofanya kinyume, na waliokunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, walipungukiwa na uvimbe. Kinga iliyowashwa ovyo haikuwa kinga bora. Bakteria wa utumboni huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo katika tafiti za wanyama huzielekeza seli za dendritiki kwenye utulivu. Maharagwe, ndizi za kupika, sukuma wiki na mtama vinapatikana kwa mama mboga wa Kileleshwa kwa bei ambayo haiwezi kununua hata kichupa kimoja cha rafuni.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike na bidhaa anayonunua. Bodi ya Famasia na Sumu ianzie hapo. Kila bidhaa inayodai kuongeza kinga itaje inagusa seli gani, imepimwa kwa binadamu gani, na nani asiitumie, kwa kuanzia na aliyepandikizwa figo na mgonjwa wa kolaitisi anayemeza azathioprini, ambao maisha yao yanategemea kinga iliyotulizwa. Wafamasia nao wanajua dalili zisizopaswa kuuziwa kitu: damu kwenye choo, kuharisha kunakopita wiki 4, uzito unaoshuka bila sababu, maumivu yanayomwamsha mtu usiku. Mwenye dalili hizo aelekezwe kwa daktari wa matumbo, apimwe choo, aangaliwe utumbo kwa kamera, na achunguzwe kifua kikuu kabla ya kupewa dawa yoyote ya kushusha kinga, kwa sababu katika nchi hii kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn. Kumuuzia kidonge cha kupandisha kinga na kumrudisha nyumbani ni kumcheleweshea matibabu, na duka linalofanya hivyo linapaswa kuulizwa.